Michoro ya Mchanga: Ramli au Elimu?



  

Ndugu msomaji, mwaka huu katika madrasa yetu hapa Mabawe limetokea jambo lililozua maneno. Maneno hayo yalianzia barazani, yakafika sokoni, na mwisho yakaja mpaka mlangoni kwangu baada ya sala ya Isha. Mimi ndiye niliyelianzisha jambo lenyewe, kwa hiyo nimeomba kurasa hizi katika jarida letu la mwaka nieleze nilichofanya na kwa nini ninaomba tusikiache.

Jumamosi moja baada ya darsa ya asubuhi niliwabakisha wanafunzi wetu wanaosoma sekondari, wavulana upande mmoja na wasichana upande mwingine, wadogo zao wakachungulia madirishani. Tulipigilia misumari miwili kwenye boriti ya darasa, umbali wa mita moja hivi kati yake. Kutoka kila msumari tuliteremsha uzi wa mafundi waashi. Nyuzi hizo mbili zikakutana kwenye fundo moja, na kutoka kwenye fundo ukashuka uzi mmoja mpaka kwenye chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako na kugeuzwa kichwa chini. Ukitazama kwa mbali unaona herufi Y. Kizibo tulikitoboa tundu dogo, chupa tukaijaza mchanga wa mtoni uliokaushwa juani na kuchekechwa kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, na sakafuni tukatandika kaniki.

Kisha niliivuta chupa kuelekea upande wangu, nikaisukuma kidogo ubavuni, nikaiachia. Mchanga ukaanza kumwagika kwa mstari mwembamba. Mstari ukajipinda, ukarudi, ukajikata katikati, ukazunguka upande wa pili. Haikupita hata robo dakika pale juu ya kaniki palikuwa na tarakimu nane, imelala, imenyooka kama iliyochorwa na mwandishi wa mabango. Watoto walipiga takbira. Mimi mwenyewe, nisiseme uongo, nilifurahi kama mtoto.

Jioni ya siku ile ile mzee mmoja tunayemheshimu, ambaye wajukuu zake watatu wanasoma kwetu, akaja kwangu. Hakuwa na hasira. Alikaa, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ustadhi, mimi shule sikusoma, lakini ramli naijua. Nimeiona tangu utoto wangu. Mtu anamwaga mchanga, anachora mistari, anasoma mambo. Mjukuu wangu amekuja nyumbani ananiambia mmechora mchanga madrasani na mchanga umejiandika wenyewe. Nikuulize, Ustadhi, tumewaleta watoto kwako wajifunze hayo?"

Sikumjibu kwa haraka, maana swali lilikuwa la haki. Neno ramli lenyewe asili yake ni Kiarabu, nalo maana yake ni mchanga. Na katika Kanda yetu ya Ziwa ramli si mchezo wa wazee. Ni ramli iliyowafanya vikongwe wenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni tu, waitwe wachawi na kukatwa mapanga. Ni waganga wa aina hiyo hiyo waliowatia watu tamaa ya viungo vya ndugu zetu wenye ualbino. Mwezi Januari mwaka 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji hayo, na miaka sita kabla yake, Januari 2009, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuwa amesitisha leseni za waganga wa jadi kwa sababu hiyo hiyo. Sisi Waislamu tulikuwa na katazo letu tangu zamani. Mtume (S.A.W.) ametukataza kumwendea kahini, na katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim imeelezwa kuwa anayemwendea mtabiri na kumuuliza jambo, sala zake za siku arobaini hazikubaliwi. Kwa hiyo mzee anayeona mchanga madrasani akashtuka, huyo ni mlinzi wa dini yake.

Na kuna jambo lililonitia haya zaidi, ambalo mzee hakulijua, nami nalitaja hapa ili msije kulisikia kwingine. Baada ya mchoro wa pili, kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza aliishika chupa akaiuliza kwa mzaha, "Chupa, nitafaulu hesabu?" Wenzake wakacheka. Nilimkemea, lakini nilitambua kuwa kosa ni langu. Niliwaonyesha ajabu kabla ya kuwaonyesha sababu. Mtu akioneshwa ajabu bila sababu, akili yake inakwenda pale ilipozoea kwenda.

Basi Jumamosi iliyofuata nilimwomba mzee aje akae nasi. Alikuja na bakora yake, akapewa kiti mbele. Safari hii hatukugusa chupa kwanza. Tulianza na rula na saa.

Niliwaeleza wanafunzi hivi. Chupa ikipembea kukatisha boriti, yaani kuja kwangu na kurudi, nyuzi zote zinakwenda nayo, kwa hiyo urefu unaohesabika ni kutoka kwenye boriti mpaka katikati ya mchanga. Tulipima, tukapata sentimita 200. Ikipembea kufuata boriti, zile nyuzi mbili za juu zinazuia, fundo linabaki pale pale, na kinachopembea ni uzi wa chini peke yake. Tulikuwa tumelifunga fundo makusudi ili sehemu hiyo iwe sentimita 50. Chupa moja, lakini ina bembea mbili ndani yake, moja ndefu na moja fupi.

Binti mmoja wa Kidato cha Pili alishika saa. Mapembeo kumi ya bembea ndefu yalichukua sekunde 28 na kitu. Mapembeo kumi ya bembea fupi yakachukua sekunde 14 na kitu. Urefu ni mara nne, muda ni mara mbili. Hiyo ndiyo kanuni iliyomo katika kitabu chao cha fizikia, kwamba muda wa pembeo unafuata kipeuo cha pili cha urefu, ile alama ya mzizi wanayoikariri usiku wa mtihani na kuisahau asubuhi yake. Mbili mara mbili ni nne. Basi katika muda ambao chupa inakwenda na kurudi mara moja kukatisha boriti, inakwenda na kurudi mara mbili kufuata boriti. Nikawaambia wachore kwenye daftari, kabla ya kuona, njia ya kitu kinachofanya hivyo. Wengi walichora matawi ya mti. Wawili walichora nane. Tukaiachia chupa, ikachora nane.

Ndipo nikamgeukia mzee nikamwambia, "Mzee wangu, mpiga ramli anachora kisha anakwambia yaliyofichika, nawe huna njia ya kumpima. Hapa watoto wamesema kwanza, kisha mchanga ukapima kama wamesema kweli. Na ukitaka, wewe mwenyewe sogeza fundo, sheria ni ile ile kwako na kwangu." Akasimama. Tulihamisha misumari na fundo mpaka urefu wote ukawa sentimita 180 na sehemu ya chini sentimita 80, yaani tisa kwa nne. Tatu mara tatu ni tisa, mbili mbili ni nne, kwa hiyo mapembeo ni matatu kwa mawili. Aliivuta chupa yeye, kwa mkono unaotetemeka kidogo. Mchoro ulitoka kama kikapu kilichosukwa, upande mmoja umeguswa mara tatu na upande mwingine mara mbili. Alihesabu kwa kidole. Akasema, "Hii ni hesabu." Halafu akaongeza, kwa Kihangaza, maneno ambayo sitayaandika hapa, lakini yalikuwa ya kheri.

Nitaje na hitilafu, maana nimeahidi kueleza yote. Ukiivuta chupa pembeni kwa mshazari na kuiachia tu bila kuisukuma, haichori nane. Inachora upinde, inakwenda juu ya upinde huo na kurudi juu yake. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilidhani nimekosea kupima. Kumbe mwanzo ule una maana yake. Bembea mbili zikianza pamoja kutoka mwisho wa safari zao unapata upinde, na moja ikianza mwisho wa safari nyingine ikiwa katikati unapata nane. Na kwa kuwa hakuna fundo linalofungwa sawasawa kabisa kwa mkono wa mwanadamu, upinde wenyewe unafunguka polepole mpaka unakuwa nane, kisha nane inajifunga tena. Mchoro pia hunywea kuelekea katikati kwa sababu ya upepo na msuguano. Vitabu havisemi hayo kwa sauti kubwa, lakini kaniki haifichi.

Sasa ndugu msomaji utauliza, michoro hii ina jina? Inalo. Duniani inaitwa michoro ya Lissajous. Jules Antoine Lissajous alizaliwa Ufaransa mwaka 1822 na akafariki mwaka 1880. Alikuwa mwalimu wa sekondari katika jiji la Paris, na shida yake ilikuwa ya kila mwalimu. Alitaka darasa zima lione kitu ambacho kwa kawaida husikika tu, nacho ni mtetemo wa sauti. Alichukua vyuma viwili vya umbo la uma, vile vinavyotoa sauti moja safi vikigongwa, akabandika kioo kidogo kwenye kila kimoja. Kimoja kilitetemeka juu na chini, kingine kushoto na kulia. Akapitisha mwali wa taa ukagonga kioo cha kwanza, ukaruka kwenda cha pili, ukatua ukutani. Ukuta ukachora mduara, nane na vikapu. Mwaka 1857 alichapisha kazi hiyo, na tangu hapo jina likawa lake.

Lakini hakuwa wa kwanza. Mwaka 1815, miaka saba kabla Lissajous hajazaliwa, Nathaniel Bowditch wa mji wa Salem, Marekani, alikwishaieleza michoro hiyo kwa kutumia bembea yenye mafungio mawili, jamaa ya ile chupa yetu. Bowditch hakupata elimu ndefu ya shule. Alijifundisha hesabu mwenyewe, akaenda baharini, akatunga kitabu cha mabaharia kilichotumiwa na manahodha wa kwao. Na Salem si mji mgeni kwetu kama mnavyodhani. Merikebu za Salem ndizo zilizokuwa zikija Unguja enzi za Seyyid Said kununua pembe na sandarusi, zikileta ile bafta ngumu ambayo watu wetu waliiita merikani. Kitambaa hicho kilipanda bara na misafara. Huenda babu wa babu yako alizikwa nacho.

Na sisi je, katika historia ya Kiislamu? Hapa naomba niseme jambo ambalo baadhi ya ndugu zangu waalimu hawatalipenda. Katika mihadhara yetu huwa tunasikia kuwa bembea ya kupimia wakati ilivumbuliwa na Ibn Yunus, mnajimu mkubwa wa Misri aliyefariki mwaka 1009. Maneno hayo hayana ushahidi. Yalianzia kwa mwandishi mmoja wa Kiingereza katika karne ya 17, wengine wakayanakili, na wachunguzi waliosoma maandishi ya Ibn Yunus hawakuona bembea humo. Ibn Yunus ana sifa zake za kweli, majedwali yake ya nyota yanatosha, hana haja ya kuvishwa kanzu isiyo yake.

Cha kweli kipo, na kiko karibu na mada yetu kuliko hicho cha uongo. Nasir al-Din al-Tusi, aliyezaliwa mwaka 1201 na kufariki mwaka 1274, ambaye alisimamia kituo cha kuangalia nyota cha Maragha huko Uajemi, alionyesha kwa hesabu kuwa mduara mdogo ukibingirika ndani ya mduara mkubwa wenye kipenyo mara mbili, nukta iliyo kwenye ukingo wa mduara mdogo haizunguki. Inakwenda na kurudi juu ya mstari ulionyooka. Mizunguko miwili inazaa pembeo moja. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu na kuendelea jaribuni kuchora kwa bikari, mtaona. Lissajous alichukua mapembeo mawili akapata mduara, al-Tusi karne sita kabla yake alichukua mizunguko miwili akapata pembeo. Ni njia moja, mmoja ameingilia mlango wa mashariki na mwingine wa magharibi.

Tuje kwenye osiloskopu, maana ndiyo iliyonifanya niijue michoro hii, na ndiyo iliyoleta ubishi wa pili katika kamati.

Osiloskopu niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa chuoni. Ni sanduku lenye kioo kidogo cha kijani na vifundo vingi. Ndani ya ile ya kizamani mna bomba la kioo lisilo na hewa, aina iliyotengenezwa kwanza na Karl Ferdinand Braun mwaka 1897, huyo huyo aliyegawana na Marconi Nishani ya Nobel ya mwaka 1909. Nyuma ya bomba kuna kinachorusha elektroni kama mwali mwembamba, na mwali ukigonga kioo cha mbele unaacha nukta ya mwanga. Njiani umepita kati ya jozi mbili za vibamba. Jozi moja inauvuta juu na chini, nyingine kushoto na kulia. Ukiwapa vibamba umeme unaopanda na kushuka, nukta inapembea. Ni ile ile chupa yetu, ila haina uzito, na badala ya pembeo moja kwa sekunde mbili inaweza kufanya maelfu kwa sekunde moja.

Mkufunzi wetu aliunganisha upande mmoja na umeme uliotoka kwenye transfoma ndogo, ambao ni ule wa nyumbani uliopunguzwa, unaotetemeka mara 50 kwa sekunde. Upande wa pili akaunganisha mashine ya kutengeneza mitetemo, akawa anakizungusha kifundo polepole. Ilipofika 50 mduara ukatokea kiooni. Ilipofika 100, nane. Ilipofika 150, mchoro wenye nundu tatu. Hatukusoma namba yoyote, tulihesabu nundu tu. Na alipokiacha kifundo kwenye 51 badala ya 50, mduara haukutulia. Ulijibana ukawa yai, ukawa mstari, ukawa yai la upande wa pili, ukarudi mduara, mara moja kwa kila sekunde, kwa sababu tofauti ilikuwa moja. Mimi nilikuwa nimesoma mitetemo miaka minne ubaoni. Siku ile nilihisi nimedanganywa miaka minne, si kwa uongo bali kwa ukimya.

Wanafunzi waliokaa karibu na Rusumo wataelewa upesi jambo hili lina kazi gani. Pale kwenye maporomoko umejengwa mtambo wa megawati 80 unaogawiwa na Tanzania, Rwanda na Burundi, na upande wetu umeme unasafirishwa kwa njia ya kilovolti 220 mpaka Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Mashine kubwa kama ile haiunganishwi na gridi kwa kubonyeza swichi tu. Lazima kwanza itetemeke sawa na gridi, mara 50 kwa sekunde, na isiwe imetangulia wala kuchelewa. Ukiunganisha vitu viwili visivyokwenda pamoja, mashine inapata mshtuko unaoweza kuivunja. Fundi anatazama chombo chenye mshale unaozunguka taratibu, na anaunganisha pale mshale unapofika mahali pake. Ule mduara uliokuwa ukigeuka yai kwenye kioo chetu ulikuwa unasema habari hiyo hiyo. Vijana wa Ngara, ambao walikulia kwenye giza na jenereta za dizeli, ndio wangepaswa kuwa mafundi wa Rusumo. Watakuwaje, kama fizikia wameiacha Kidato cha Pili?

Hapo ndipo ninapoumia. Kila mwaka mwishoni mwa Kidato cha Pili wanafunzi wetu wanakuja kuniaga, "Ustadh, nimechagua sanaa." Sina ugomvi na sanaa, historia ni elimu na jiografia ni elimu. Lakini nikiwauliza kwa nini, hawasemi wanapenda historia. Wanasema fizikia ni ngumu, na wasichana wanaongeza kuwa si ya wasichana. Mtoto anaikimbia fizikia ambayo hajawahi kuiona. Ameona herufi ubaoni, kwa lugha ya Kiingereza, zikifutwa kabla hajamaliza kunakili. Kwa miaka kadhaa shule zisizo na maabara zilikuwa na karatasi maalumu ya mtihani ambamo majaribio yalielezwa kwa maandishi, mtahiniwa akajibu bila kugusa kitu. Ni kama kumpa mtu cheti cha udereva kwa kusimulia barabara. Mwaka 2014 ilipita kampeni ya nchi nzima, kwa agizo la Rais Jakaya Kikwete, kila sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, na wazazi wengi hapa walichangia fedha na nguvu zao. Kuta ni jambo jema. Ila ndani ya kuta kunahitajika vitu, na mtu wa kuvishika vitu hivyo.

Yule binti aliyeshika saa alikuwa mmoja wa waliochora nane daftarini kabla ya chupa kuachiwa. Mama yake aliniambia kuwa nyumbani amefunga Y yake kwenye mti wa mwembe, anatumia unga wa mkaa uliosagwa. Sijui atachagua nini mwakani. Sitamshawishi. Ila akiacha, ataacha kitu anachokijua.

Wapo waliosema katika kamati, na walisema kwa adabu, kwamba madrasa ni ya Qur'an na fiqh, na fizikia ina shule yake. Nawaelewa. Wakati wa hifdhi usiguswe hata dakika moja, hilo nami nitalipigania. Lakini Qur'an hiyo hiyo tunayowahifadhisha inawasifu wanaotafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi, na katika Surat Rahman inatajwa kuwa jua na mwezi vinakwenda kwa hisabu. Mtoto anayehifadhi aya hiyo na hajawahi kuona hisabu ikitembea mbele ya macho yake, nani amwonyeshe? Na mtoto ambaye amezoea kuuliza, "Unajuaje? Tupime," mpiga ramli akija kijijini atamwuliza swali hilo hilo. Kwangu mimi hiyo peke yake ingetosha.

Wapo pia waliokwenda upande wa pili kabisa. Waliposikia habari ya osiloskopu walitaka tuchangishe tununue yetu. Nashukuru kwa moyo huo, lakini nimepinga, na bado napinga. Bati la darasa la wadogo linavuja. Misahafu ya wanaoanza imechanika. Chombo cha umeme katika chumba kinachovuja kitakufa mvua za masika ya kwanza, na sisi hatuna fundi wa kukifufua. Isitoshe, kwa michoro hii osiloskopu inahitaji pia mashine ya kutengeneza mitetemo, kwa hiyo tutanunua viwili, si kimoja. Chupa, kaniki na uzi vimetugharimu chini ya nauli ya kwenda Ngara mjini na kurudi.

Sisemi mchanga unatosha milele. Mchanga hauwezi kuonyesha sauti, wala umeme. Kuna siku ningependa msomaji wetu mwenye sauti nzuri asimame mbele ya kipaza sauti na wenzake waone wimbi la sauti yake kiooni, waone tofauti ya herufi na herufi. Kwa hilo nashauri tuombe chombo cha kuazima, kwa siku moja katika mwaka, kutoka shule au chuo kilicho nacho, pamoja na mwalimu wake, sisi tutoe chakula cha mchana. Njia nyingine ni kompyuta ya zamani. Sehemu yake ya kupokelea sauti, ikipewa programu inayofaa, inafanya kazi ya osiloskopu ndogo, na hata michoro hii inaweza kuichora.

Ila nawasihi vijana, msije mkasikia habari ya bomba la Braun mkafungua televisheni ya zamani ya babu mtafute nukta ya kijani. Ndani ya televisheni ile mna maelfu ya volti, na nyingine hubaki humo hata baada ya kuchomolewa kwenye umeme. Inaua. Wala waya wa ukutani usiunganishwe na chombo chochote cha majaribio. Chupa ikikuangukia utapata mchanga kichwani tu.

Kamati imekubali tuwe na Jumamosi moja ya majaribio kila muhula, baada ya darsa, wazazi wakikaribishwa kukaa na kuuliza. Ya kwanza itakuwa Jumamosi ya pili baada ya kufungua madrasa, inshaallah. Yule mzee ameahidi kuja, na ameomba tusilifunge fundo mpaka afike. Kila mwanafunzi wa sekondari alete chupa moja ya lita moja na nusu yenye kizibo, na uzi wa mwashi mita tano. Mchanga tutauchekecha pamoja. Mwenye kaniki ya ziada nyumbani, aombe ruhusa kwa mama kwanza.

Wabillahi tawfiiq.